Sura ya Tano: Nisifu Nikusifu

Mwaka 2013, mama mmoja wa South Carolina, Marekani, alinunua taa ya hadubini kwa muuzaji wa Ohio kupitia eBay, mnada wa mtandaoni. Bei alilipa, na gharama ya kutuma mzigo alilipa. Mzigo ulipofika, posta wakamwambia bado unadaiwa: stempu hazikutosha, aongeze dola 1.44. Akaongeza. Kisha akafanya kile ambacho mtandao ule humwomba kila mnunuzi akifanye. Aliingia, akaandika kwamba mzigo umemfikia ukiwa na deni la posta, akabofya alama mbaya.

Muuzaji akamwandikia haraka. Alijieleza, akajitolea kumrudishia zile dola 1.44, ila naye mama ayaondoe yale maneno. Mama akagoma. Alichoandika ni kweli, na anayekuja kununua baada yake ana haki ya kukijua. Basi muuzaji akaenda kumfungulia kesi katika Kaunti ya Medina, Ohio, kwamba amemharibia jina. Habari ilipotoka nje watu walikuja juu, mawakili wakajitokeza kumtetea mama yule bila malipo, na mwenye kampuni akaomba radhi, akaifuta kesi.

Mtu na akili zake timamu amburuze mwenzake mahakamani kwa dola moja na senti arobaini na nne? Ukiitazama ile dola hutaelewa. Itazame ile alama.

Mnadani Pugu, ng'ombe unamzunguka, unamkagua meno, unamshika nundu, na dalali aliyesimama pale mnamjua hadi mtaa anaolala. Akikuuzia mgonjwa, Jumamosi ijayo utamkuta hapo hapo. Mnada wa mtandaoni hauna nundu wala meno ya kukagua. Kuna picha, maelezo mafupi, jina la kubuni, na ahadi ya mtu ambaye hutamwona maisha yako yote. Unatuma fedha kwanza, unasubiri. Pierre Omidyar, mtaalamu wa kompyuta wa California, alipoufungua mnada wake Septemba 1995 akauita AuctionWeb, jina la eBay lilikuwa bado halijaushika. Kimojawapo cha vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa kilikuwa kalamu yake mwenyewe ya leza, mbovu, iliyokwenda kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa ni mbovu. Akajibiwa kwamba ndizo anazozikusanya, hizo mbovu. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya kicheko. Mimi nakipendea kitu kingine: muuzaji ndiye aliyeuliza. Ugomvi uliozimwa kwa swali moja kabla haujazaliwa.

Lakini wauzaji wakawa mamia, kisha maelfu, na si kila mmoja alikuwa na swali la kuuliza. Barua pepe za malalamiko zikaanza kumfikia Omidyar mwenyewe. Huyu anasema hajalipwa, yule anasema aliletewa kitu kingine, na kila mmoja anataka yeye aamue. Alichofanya kilikuwa ujanja mkubwa, au uvivu mkubwa, sijaamua bado. Februari 1996 aliwaandikia watumiaji wake barua ya wazi. Aliwaambia kwamba watu wengi ni waaminifu, wachache ni wadanganyifu, na dawa ni kusema hadharani: anayestahili sifa asifiwe, anayestahili lawama alaumiwe. Kila mtu aliweza kumpa mwenzake alama moja ya kujumlisha, sifuri, au moja ya kutoa, pamoja na sentensi fupi. Aliyeshuka hadi kutoa nne alifungiwa nje. Hakimu alikuwa amejiuzulu, na ukumbi akawaachia wadai na wadaiwa.

Huo ndio mrejesho, neno tutakalolitumia sura nzima. Na kwa juu juu ulifanya kazi vizuri ajabu. Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichambua mauzo ya eBay ya mwaka 1999 wakakuta kwamba katika mirejesho iliyotolewa na wanunuzi, asilimia 99.1 ilikuwa ya sifa. Mibaya ilikuwa asilimia 0.6 tu. Soma tena tarakimu hiyo kisha jiulize ni soko gani unalolijua wewe, Kariakoo, Gikomba au Kongowea, ambako watu tisini na tisa katika mia hurudi nyumbani wameridhika.

Sehemu iliyonivutia zaidi katika utafiti ule ni nyingine. Karibu nusu ya wanunuzi hawakusema chochote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na watafiti Chrysanthos Dellarocas na Charles Wood waliusikiliza mshindo huo kwa hesabu. Mwaka 2008 walichapisha makadirio yao: ukiwahesabu na walionyamaza, wanunuzi walioridhika kweli hawazidi sana asilimia 79. Yaani palikuwa na watu wengi walionuna wakafunga mdomo. Waliogopa nini?

Chukua kikombe cha kauri, cha kizamani, chenye maua ya buluu. Umekiona mnadani mwaka 2005, umekipandia bei, umeshinda, umelipa siku ile ile. Kinafika wiki ya pili kimefungwa kwa magazeti. Unakiinua kwenye mwanga wa dirisha unaona ufa mwembamba kama unywele, kuanzia mkononi hadi kwenye kitako. Kwenye maelezo ufa haukutajwa. Unafungua ukurasa wa muuzaji, unakuta ana mirejesho mizuri 4,000. Wewe unayo sita. Na chini ya tangazo lake kuna sentensi uliyoipita haraka siku ile: nitatoa mrejesho baada ya kupokea wako.

Sasa piga hesabu. Ukimpa mbaya, yeye anabaki na asilimia 99.98, hata hatatoka jasho. Akikurudishia mbaya, wewe mwenye sita unashuka hadi 86. Kesho ukitaka kununua, muuzaji mwingine atakutazama kama tapeli. Unakiweka kikombe kabatini, ufa ukiwa umeelekezwa ukutani, na unaandika kwamba muuzaji ni mzuri, mzigo umefika haraka. Dakika tano baadaye naye anakuandika kwamba wewe ni mnunuzi mzuri, unalipa haraka. Nisifu nikusifu.

Wanunuzi waliuliza, na kwa haki, ni kwa nini muuzaji asitangulie. Wajibu wa mnunuzi ni mmoja tu, kulipa. Akishalipa amemaliza, muuzaji anangoja nini? Wauzaji nao walijibu kwamba biashara haijaisha mpaka mzigo umepokelewa bila fujo. Wapo wanunuzi wanaolipa vizuri kisha wakasingizia kwamba boksi lilikuja tupu. Nimesikiliza hoja zote mbili na nasimama na wanunuzi. Kungoja kwa muuzaji hakukuwa tahadhari. Lilikuwa rungu lililofichwa chini ya meza, na kila aliyeketi mezani alijua lipo.

Wajanja waligundua njia ya tatu, kusubiri. Mrejesho ulikuwa na muda wake wa kutolewa, hivyo mnunuzi mwenye kinyongo alikaa kimya wiki hadi wiki, akaja kubofya alama mbaya mlango ukikaribia kufungwa, mwenzake asipate nafasi ya kulipiza. Kulikuwa pia na utaratibu wa kufutiana: wote wawili wakikubali, alama mbaya zinaondolewa kwenye hesabu. Uliletwa uwe wa suluhu. Ukageuka silaha, kwa sababu muuzaji aliyepewa mbaya alirudisha mbaya hata kama mnunuzi hakukosa lolote, ili apate cha kubadilishana. Nifutie nikufutie.

Hilo la kutekana ndilo lililowachosha wakubwa wa eBay. Mwaka 2007 waliongeza nyota za pembeni, ambazo mnunuzi alizitoa kwa siri kwa mambo manne: kama kitu kinalingana na maelezo, mawasiliano, kasi ya kutuma, na gharama ya kutuma. Muuzaji aliuona wastani tu, asijue nani kampa nini. Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels, walioutafiti mfumo huo, walionyesha jambo ambalo halihitaji profesa lakini ni vizuri maprofesa wakilithibitisha: kwenye nyota za siri watu walikosoa zaidi kuliko kwenye alama za wazi. Mtu yule yule, kikombe kile kile.

Kisha likaja pigo lenyewe. Januari 2008 eBay ilitangaza kwamba kuanzia Mei muuzaji hatakuwa tena na uwezo wa kumpa mnunuzi mrejesho mbaya wala wa kati. Atampa mzuri, au atanyamaza. Wauzaji waliwaka. Februari waligoma, wakaususia mnada kwa wiki nzima, wengine wakaondoa kila walichokuwa wakiuza. Kilio chao hakikuwa cha ada wanazotozwa na eBay peke yake, ingawa ada nazo zilikuwa zimeguswa. Walisema wamefungwa mikono wakati mnunuzi ana fimbo.

Na hawakuwa waongo. Mnunuzi anayepandisha bei mpaka anashinda, kisha haonekani wala halipi, ni maradhi ya kila mnada. Zamani muuzaji alimwandika wazi, wenzake wakamkwepa. Sasa ilimbidi afungue malalamiko ofisini, arudishiwe ada yake, akitangaze kitu upya. Wapo waliotafuta upenyo: wakabofya alama nzuri, kisha kwenye maneno wakamwaga sumu yote, kwamba huyu halipi, mkimwona mkimbieni. Ukurasa wa mtu ukawa na kijani kitupu na matusi chungu nzima. Nao mlango huo ukazibwa kwa kanuni.

Kikaibuka na kitu ambacho kanuni za eBay zenyewe zimekipa jina linalokaribia unyang'anyi. Mnunuzi amepokea simu, haina tatizo. Anaandika: bosi, kava ina mkwaruzo, nirudishie dola 20 au nikupe mbaya. Kanuni zinakataza, muuzaji anaweza kushtaki. Lakini wengi hulipa tu, kwa kuwa wanajua alama moja mbaya inaweza kufanya nini, hasa ikiwa ni ya kwanza. Luís Cabral na Ali Hortaçsu waliwafuatilia wauzaji wa eBay kwa muda mrefu wakaona kwamba kabla ya alama mbaya ya kwanza, mauzo ya muuzaji yalikuwa yakipanda kwa wastani wa asilimia 5 kwa wiki. Baada yake yalishuka kwa asilimia 8. Tena alama mbaya ya pili ilikuja upesi kuliko ya kwanza, kana kwamba wanunuzi walikuwa wakingoja mmoja athubutu.

Ndiyo maana jina jema likawa na bei. Resnick na wenzake walifanya jaribio la kadi za posta za zamani: muuzaji yule yule, kadi za aina moja, nusu akaziuza kwa jina lake lenye sifa za miaka mingi na nusu kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina la zamani. Na chenye bei kitauzwa. Palikuwa na watu walionadi kitabu cha kielektroniki au kitendawili kwa senti moja, na tangazo lenyewe likikuahidi wazi mrejesho mzuri. Hununui kitendawili pale. Unanunua nyota.

Baada ya vumbi la 2008 kutulia, wachumi Tobias Klein, Christian Lambertz na Konrad Stahl waliangalia kilichotokea. Wauzaji waliotishia kuhama hawakuhama kwa wingi uliohofiwa, na wanunuzi waliridhika zaidi kuliko awali. Tafsiri yao ni kwamba wauzaji wale wale walianza kufanya kazi vizuri zaidi: wakafunga mizigo kwa uangalifu, wakataja ufa. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Nadhani pia uliwaonea wauzaji wengi wadogo, akina mama wanaouza vitu vya kurithi mezani kwao jikoni, ambao mnunuzi mmoja mkorofi aliweza kuwafungia duka. Mambo yote mawili ni kweli.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kusema haya ni ya Wamarekani. Niliwahi kuagiza viatu kwa muuzaji wa Instagram hapa Dar es Salaam. Vililetwa na bodaboda; boksi limeandikwa 42, soli imeandikwa 40. Nikaandika chini ya picha yake, kwa adabu zote: "Kaka, saizi uliyoleta siyo niliyoagiza, naomba tubadilishane." Robo saa baadaye maneno yangu yalikuwa yamefutwa na mimi nimefungiwa. Waliobaki pale chini ni wale wa "asante bosi, mzigo umefika salama." Siku hiyo ndipo nilipoielewa eBay vizuri kuliko kwa vitabu vyote nilivyosoma. Pamoja na rungu, vitisho na kutekana kote, kule ukuta unaoandikiwa si wa muuzaji. Angekuwa na uwezo wa kuufuta mwenyewe, yule wa Ohio asingehangaika na mahakama.

Kama ukuta si wa muuzaji, basi ni nani anayeamua lipi lifutwe? Hapa pamejaribiwa mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kituo cha Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoongozwa na Ethan Katsh kilijaribu kusuluhisha migogoro ya eBay kwa barua pepe, msuluhishi mmoja akichukua kesi moja moja kama mzee wa baraza. Muda si mrefu kazi ikachukuliwa na kampuni ya SquareTrade, iliyowaelekeza wagombanao kwenye fomu na programu kwanza, binadamu baadaye. Kilichowaleta watu huko mara nyingi hakikuwa fedha. Kilikuwa ule mrejesho mbaya, waliotaka uondoke.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika India mwaka 2008. Muuzaji aliyeona ameonewa aliruhusiwa kupeleka shauri lake kwenye baraza la wanachama wenzake 21, waliochaguliwa bila yeye kuwajua. Yeye aliweka ushahidi wake, mnunuzi akaweka wake, kila mjumbe akasoma peke yake nyumbani, akapiga kura. Wengi wakikubaliana na muuzaji, alama inafutwa. Hakuna wakili wala joho. Ni baraza la mtaa, tofauti tu ni kwamba mtaa wenyewe una watu wasiowahi kuonana. Sioni kwa nini jambo hili halikuenezwa kila mahali.

Wengine hawakungoja baraza. Wakili mmoja wa Los Angeles alinunua kitu, hakuridhika, akaandika hivyo. Muuzaji akamjibu kwa mrejesho uliomwita si mwaminifu hata kidogo. Wakili akamshtaki muuzaji, akaishtaki na eBay iliyokataa kuyaondoa maneno. Mwaka 2004 mahakama ya rufani ya California ikamwambia kuwa alipojiunga alibofya kukubali masharti, na ndani ya masharti hayo alikuwa ameshaiachilia eBay na madai ya namna hiyo. Tena huyo alikuwa wakili. Baadaye baadhi ya wafanyabiashara walianza kuingiza kwenye mikataba kifungu kinachomkataza mteja kusema vibaya, na Desemba 2016 Marekani ikatunga sheria ya kuvibatilisha vifungu hivyo.

Kesi iliyolifikisha swali mbali zaidi ilitoka Ujerumani. Mnunuzi mmoja aliagiza kupitia eBay vibano vinne vya chuma kwa jumla ya euro 19.26. Vikafika, havina kasoro. Akaandika maneno manne na alama mbili za mshangao, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: mzigo mzuri, kutuma ulanguzi!! Kampuni iliyomuuzia ikamshtaki. Mahakama ya mwanzo ya Weiden, Bavaria, ikaitupa kesi. Mahakama ya juu yake ikaona kuwa neno "ulanguzi" limepita kiasi na halina maelezo, ikaamuru mrejesho uondolewe. Mnunuzi akakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho, Karlsruhe.

Septemba 28, 2022, majaji walisoma hukumu. Kusema gharama ni ulanguzi, walisema, ni maoni ya mtu kuhusu huduma aliyopewa. Yanaweza kuwa makali, yanaweza kuwa ya kuonea, wala mwenye maoni halazimiki kuyatolea sababu. Yangekuwa kosa kama yangeiacha biashara na kuingia kumdhalilisha mtu. Hukumu ya kwanza ikarudishwa, maneno manne yakabaki yalipoandikwa.

Gharama ya kutuma ilikuwa euro 4.90.